Haki ya Kura Isigeuzwe Kuwa Hisani
Neno kwa waumini na viongozi wa walei wa Texas juu ya maombi ya kura kwa njia ya posta

Haki ikishageuzwe kuwa kitu cha kubembelezwa, haiwi tena haki, bali huwa hisani. Na hisani ina mwenyewe: akipenda hutoa, asipopenda huzuia, wala hakuna wa kumdai sababu. Kwa ajili hiyo tunaandika kurasa hizi juu ya jambo ambalo wengi wenu mtaliona dogo, nalo ni fomu ya kuomba kupiga kura kwa njia ya posta katika jimbo la Texas, na kanuni zinazoitawala fomu hiyo tangu mwezi wa Desemba 2021.

Tuseme wazi tangu mwanzo: hatumwambii mtu ampigie nani kura. Anayetafuta jina la mgombea au la chama humu atafute kwingine. Linalotushughulisha ni mzee wa miaka 78 asiyeweza kusimama, mama aliyelazwa hospitalini, na kijana kiwete anayetegemea ndugu zake kumfikisha barabarani. Hawa ni raia kamili. Sheria inasema wana haki ya kupiga kura wakiwa nyumbani. Swali letu ni moja: Je, kanuni zilizowekwa zinawafikisha kwenye haki hiyo, au zinawachosha njiani hata waiache?

1. KURA YA POSTA NI NINI, NA NI YA NANI?

Kule tulikotoka wengi wetu, kura hupigwa kituoni. Mtu huamka alfajiri, hupanga foleni, huonyesha kadi yake, akatumbukiza karatasi sandukuni. Marekani ina njia hiyo, lakini ina na nyingine: karatasi ya kura huletwa nyumbani kwa posta, mwananchi akaijaza mezani pake, akaitia katika bahasha na kuirudisha. Katika uchaguzi wa Novemba 2020, wakati wa maradhi ya UVIKO-19, zaidi ya asilimia 40 ya wapiga kura wa nchi nzima walitumia njia hii.

Kila jimbo lina kanuni zake. Oregon na Colorado humpelekea karatasi ya kura kila mtu aliyeandikishwa, bila yeye kuomba. Texas haifanyi hivyo. Texas hutaka mtu aombe kwanza, na kuomba kwenyewe hakuruhusiwi kwa kila mtu. Wanaoruhusiwa ni wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Wagonjwa na wenye ulemavu. Mama anayetazamia kujifungua ndani ya majuma matatu kabla au baada ya siku ya uchaguzi. Mtu atakayekuwa nje ya kaunti yake siku zote za kupiga kura. Na watu wachache walio kizuizini ambao hawajapoteza haki ya kura.

Itazameni vizuri orodha hiyo. Ni orodha ya wazee, wagonjwa, wajawazito na watu walio mbali na nyumbani. Kwa hiyo kila kanuni inayoongezwa juu ya fomu hii haimwangukii mtu mwenye nguvu, mwenye gari na mwenye nafasi, bali humwangukia yule ambaye sheria yenyewe imekwisha kukiri kuwa ni mdhaifu.

2. NI NINI KILICHOBADILIKA?

Tarehe 7 Septemba 2021 Gavana Greg Abbott alitia saini sheria iliyoanza safari yake bungeni kama Mswada wa Seneti namba 1. Ilianza kutumika tarehe 2 Desemba mwaka huo. Sheria hiyo ina mambo mengi. Sisi tutataja matatu tu yanayohusu maombi.

La kwanza ni namba. Zamani mwombaji alijaza fomu na kutia saini, na saini ndiyo iliyomtambulisha. Sasa lazima aandike namba ya leseni yake ya udereva au ya kitambulisho alichopewa na jimbo. Asipokuwa nayo, aandike tarakimu nne za mwisho za namba yake ya Hifadhi ya Jamii, ile ambayo watu wetu huiita soshali. Namba hiyo lazima ilingane na ile iliyomo katika kumbukumbu za wapiga kura za serikali. Isipolingana, au nafasi ikiachwa wazi, ombi linakataliwa. Na kazi haiishii hapo, kwani karatasi ya kura ikija, namba inadaiwa tena juu ya bahasha ya kurudishia.

La pili ni saini. Lazima iwe ya wino juu ya karatasi. Anayetuma fomu kwa faksi au kwa barua pepe lazima aipeleke na karatasi yenyewe kwa posta.

La tatu ni katazo. Mwaka 2020 karani wa Kaunti ya Harris, palipo na jiji la Houston, alikusudia kuwapelekea fomu za maombi wapiga kura wote wa kaunti yake, zaidi ya milioni 2. Mahakama Kuu ya Texas ilimzuia mwezi wa Oktoba mwaka huo. Ndipo sheria ya 2021 ikafanya kuwa ni kosa la jinai kwa ofisa wa umma kumpelekea fomu mtu ambaye hakuiomba, hata kama mtu huyo ana miaka 90. Adhabu yake inaweza kuwa kifungo cha hadi miaka 2. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu chama cha siasa na mgombea kugawa fomu hizo hizo kwa watu wasioziomba.

Tafakarini jambo hilo. Mwenye maslahi katika matokeo ya uchaguzi anaruhusiwa kubisha mlangoni kwa mzee na fomu mkononi. Ofisa anayelipwa na umma ili amhudumie mzee huyo bila upendeleo, akifanya vile vile, ni mhalifu. Kama fomu ni hatari, mbona chama kinaruhusiwa kuigawa? Na kama si hatari, mbona karani anafungwa kwa ajili yake?

Texas haiko peke yake. Georgia, kwa sheria ya Machi 2021, ilifupisha muda wa kuomba: zamani mtu aliweza kuanza kuomba siku 180 kabla ya uchaguzi, sasa ni siku 78, na mlango unafungwa siku 11 kabla. Nako pia namba ya kitambulisho ilianza kudaiwa, na ofisi za umma zikakatazwa kutuma fomu kwa asiyeomba. Florida, mwezi wa Mei mwaka huo huo, ilipunguza uhai wa ombi: lile lililodumu kwa chaguzi kuu mbili sasa hudumu kwa moja. Mahali mbalimbali, lakini mwendo ni mmoja. Hawakuigusa kura yenyewe, bali waliligusa ombi linaloitangulia.

3. MATUNDA YAKE

Mti hutambulika kwa matunda yake. Katikati ya Januari 2022, ofisi ya uchaguzi ya Kaunti ya Travis, palipo na jiji la Austin, ilitangaza kuwa imelazimika kukataa takriban nusu ya maombi iliyokuwa imepokea. Haikuwa kwa sababu waombaji walikuwa wadanganyifu, bali kwa sababu ya namba zilizokosekana au ambazo hazikuonana na zile za serikali.

Kisha ulikuja uchaguzi wa mchujo wa vyama wa tarehe 1 Machi 2022. Jimbo zima, kura zaidi ya 24,000 zilizotumwa kwa posta zilikataliwa. Hizo ni karibu asilimia 12 ya kura zote za posta. Katika uchaguzi mkuu wa 2020, kabla ya sheria hii, zilizokataliwa zilikuwa karibu asilimia 1 tu. Katika Kaunti ya Harris peke yake zilikataliwa kura zipatazo 6,900, yaani karibu kura moja katika kila tano.

Ndugu zangu, kura 24,000 si tarakimu za kupita tu. Kila moja ni mtu aliyekwisha kuvuka kizingiti cha maombi, akapokea karatasi yake, akaijaza na kuirudisha, akalala usiku akijua kwamba ametimiza wajibu wake. Wengine hawakujua kwamba kura yao haikuhesabiwa mpaka uchaguzi umekwisha.

Ni kweli kwamba hali ilipoa baadaye. Kufikia Novemba 2022 kiwango cha kukataliwa kilishuka hadi karibu asilimia 3, kwa sababu fomu zilirekebishwa, makarani walijifunza na wananchi walizoea. Watetezi wa sheria huonyesha jambo hilo kama ushahidi kwamba sheria ni njema. Sisi tunajibu: mtu akichimba shimo katikati ya njia ya kanisani, na baada ya wengi kuanguka waliosalia wakajifunza kulizunguka, je, shimo limekuwa njema? Tena asilimia 3 ni mara tatu ya ile ya zamani, wala haiwahesabu waliokata tamaa wakaacha kuomba.

4. HOJA YA UDANGANYIFU

Haki inatudai tusikilize na upande wa pili. Wanaoitetea sheria wanasema: kura ya posta hupigwa mbali na macho ya msimamizi, mtu anaweza kuiiba, kumlazimisha mzee, au kuomba kwa jina la mwingine. Wanasema pia kwamba kulinganisha saini ni kazi ya kubahatisha, ilhali namba ama inalingana ama hailingani.

Hoja hizi si za kupuuzwa. Udanganyifu wa kura za posta upo. Mfano ulio wazi ni wa North Carolina. Mwaka 2018, katika jimbo la uchaguzi namba 9 la Bunge la Marekani, watu waliolipwa kwa ajili ya kampeni walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya fomu za maombi na karatasi za kura. Tofauti kati ya wagombea wawili wa kwanza ilikuwa kura 905. Bodi ya uchaguzi ilikataa kuyathibitisha matokeo, na Februari 2019 ikaamuru uchaguzi urudiwe. Waliibiwa wananchi, na hasa wananchi maskini wa vijijini. Hatuna neno la kuwatetea walioiba.

Lakini sikilizeni na sehemu ya pili ya kisa hicho, ambayo haisimuliwi mara nyingi. Wakati ule fomu ya maombi ya North Carolina ilikuwa tayari inadai namba ya leseni au tarakimu nne za Hifadhi ya Jamii. Namba hazikumzuia mwizi. Aliyezikusanya fomu alizikusanya pamoja na namba zilizoandikwa juu yake. Kilichomkamata ni uchunguzi: maofisa walitazama mwenendo wa maombi, wakawaendea wapiga kura majumbani, wakawauliza nani alikuja kwenu na alichukua nini. Mwizi alishikwa kwa kuwasikiliza wanyonge, wala si kwa kuwafungia mlango.

Kwa hiyo hatusemi walinzi waondolewe. Tunasema mlinzi anayemzuia mwenye nyumba kuingia kwake, huku mwizi akipitia dirishani, hajalinda kitu. Namba kama njia moja ya kumtambua mtu haina ubaya. Ubaya ni kuifanya kuwa njia ya pekee, na kumwadhibu mwananchi kwa pengo lililomo katika daftari la serikali.

Na pengo hilo lipo. Mtu alipojiandikisha miaka 20 iliyopita huenda aliandika namba moja tu: labda ya leseni, labda ya soshali, kama fomu ya siku hizo ilivyoruhusu. Wengine walijiandikisha zamani kabisa, wakati hakuna namba iliyodaiwa. Sheria ilipoanza kutumika, mamia ya maelfu ya wapiga kura wa Texas walikuwa na namba moja tu katika kumbukumbu za jimbo. Chukua basi mfano wa mzee anayeandika kwa unyofu namba yake ya kweli, lakini serikali inayo ile nyingine tu. Ombi lake linarudi. Hakudanganya, wala hakukosea. Daftari ndilo lenye upungufu, lakini anayelipa ni mzee.

Mwaka 2023 Jaji Xavier Rodriguez wa mahakama ya shirikisho mjini San Antonio aliamua kwamba kuikataa kura kwa ajili ya namba hizi kunavunja Sheria ya Haki za Raia ya 1964, ambayo hukataza kumnyima mtu kura kwa kosa la karatasi lisilohusu sifa zake za kupiga kura. Mahakama ya Rufani ilisimamisha uamuzi huo, na Agosti 2025 ikautengua. Kwa hiyo kanuni ya namba ndiyo inayotumika, na kila mmoja wetu anapaswa kuifuata. Lakini mahakama ikisema kwamba jambo linaruhusiwa kisheria haijasema kwamba ni la haki, wala haijalikataza bunge kulirekebisha. Kodi ya kura nayo iliruhusiwa kisheria katika Texas kwa zaidi ya miaka 60, tangu 1902. Ilipoondolewa mwaka 1966, jimbo likaweka mahali pake kanuni nyingine: kila mpiga kura ajiandikishe upya kila mwaka, na mlango ufungwe Januari 31, miezi mingi kabla ya uchaguzi wa Novemba. Iliitwa njia ya kulinda usafi wa kura. Mwaka 1971 mahakama iliifuta kwa sababu iliwanyima haki watu wengi wasio na hatia.

Leo hakuna anayeitetea kanuni ile. Lakini mzee wa Texas bado anapaswa kupeleka ombi lake la kura ya posta kila mwaka upya, kana kwamba Januari ikifika anakuwa kijana tena. Hilo halikuletwa na sheria ya 2021, lilikuwapo kabla yake. Sheria ya 2021 imeongeza mzigo juu ya mzigo.

5. KUKU MGENI HAKOSI KAMBA MGUUNI

Baadhi yenu mtasema: haya ni mambo ya wenyeji, sisi wageni yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Wamo kati yetu watu wa Kongo, Burundi, Kenya, Tanzania na Uganda waliokwisha kuapishwa kuwa raia wa Marekani. Wazee waliofika kutoka kambi za wakimbizi pamoja na watoto wao wakubwa sasa wamefikia miaka 65 na zaidi. Wengi hawasomi Kiingereza, wengine hawasomi lugha yoyote. Fomu yenye visanduku vidogo na maonyo ya kifungo inawatisha.

Tena wana sababu ya kuogopa. Januari 2019 ofisi ya Katibu wa Jimbo la Texas ilitangaza orodha ya wapiga kura wapatao 95,000 waliodhaniwa kuwa si raia, kwa sababu walipochukua leseni walionyesha karatasi za ugeni. Walioitengeneza hawakuzingatia jambo ambalo mtoto wa shule angeliona: mtu huweza kuchukua leseni akiwa mgeni, kisha miaka ikapita, akaapishwa kuwa raia na kujiandikisha kwa halali. Ndani ya siku chache ilidhihirika kwamba maelfu kwa maelfu ya waliotajwa walikuwa raia. Aprili mwaka huo, baada ya mashtaka mahakamani, jimbo liliiacha orodha hiyo. Lakini jina la mtu likishatajwa pamoja na uhalifu, hofu haifutiki kwa karatasi ya mahakama. Wenye kukumbuka kisa hicho wanapoambiwa leo kwamba namba zao zitalinganishwa na kumbukumbu za serikali, husema moyoni: afadhali nikae kimya. Na kimya hicho hakionekani katika hesabu yoyote ya kura zilizokataliwa.

Wenye kutoka Kenya wana na fundisho lao. Mwaka 1988, katika mchujo wa chama cha KANU, iliamriwa kwamba wapiga kura wapange mstari nyuma ya wagombea au wakala wao, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 katika mstari alihesabiwa amepita bila kura ya siri. Iliitwa mlolongo. Hakuna aliyenyang'anywa haki ya kupiga kura. Ilibadilishwa njia tu. Lakini watu waliona kwa macho yao mstari mfupi ukitangazwa kuwa mrefu. Viongozi wa makanisa waliupinga mlolongo waziwazi, na mwaka 1990 chama chenyewe kiliuacha. Hatusemi kwamba fomu ya Texas ni sawa na mlolongo, kwani mambo hayo hayalingani kwa uzito. Tunasema fundisho ni moja: njia ya kupiga kura si jambo la makarani peke yao. Anayetawala njia anaweza kutawala nani atafika.

6. TUNADAI NINI?

Kulalamika bila kudai ni kelele. Sisi tunayadai mambo manne kwa Bunge la Texas, na tunawaomba ninyi mliokwisha kuwa raia mwaandikie wabunge wenu kwa majina yenu wenyewe.

(a) Namba yoyote ya kweli ya mwombaji ikubaliwe, na pale ambapo daftari la serikali halina namba hiyo, saini itoshe. Pengo la daftari lizibwe na mwenye daftari.

(b) Ombi lisikataliwe kabla ya mwombaji kuarifiwa kwa simu au barua na kupewa nafasi ya kusahihisha, bila kulazimika kuwa na kompyuta.

(c) Ombi la mwenye miaka 65 na zaidi, au la mwenye ulemavu wa kudumu, likikubaliwa mara moja lidumu mpaka atakapohama au atakapoliondoa mwenyewe.

(d) Makarani wa kaunti waruhusiwe kuwapelekea fomu wale ambao umri wao umekwisha kuwapa haki hiyo. Kinachoruhusiwa kwa vyama kisiwe jinai kwa watumishi wa umma.

Hakuna hata moja kati ya haya linalomfungulia mwizi mlango. Yote yanarudisha mzigo mahali pake: kwa serikali yenye kompyuta, wafanyakazi na bajeti, badala ya bibi mwenye kalamu na macho hafifu.

7. KAZI YETU HIVI SASA

Sheria haijabadilika, na uchaguzi haungoji. Kwa hiyo viongozi wa walei na wa jumuiya ndogo ndogo wawafundishe watu mambo haya.

Kwanza, asiye raia asijiandikishe wala asiombe kura, hata akishawishiwa na mtu anayemwamini. Ni kosa kubwa, na linaweza kumfanya afukuzwe nchini. Mwenye shaka juu ya hali yake amwone mwanasheria kabla ya kugusa fomu yoyote.

Pili, aombaye aandike namba zote mbili, ya leseni au kitambulisho na tarakimu nne za soshali, ikiwa anazo. Hivyo mojawapo ikikosekana katika daftari, nyingine huenda ikamwokoa. Leseni iliyokwisha muda wake haitupwi. Namba yake bado inafaa. Karatasi ya kura ikifika, aziandike tena namba hizo juu ya bahasha, mahali palipofunikwa na mdomo wake. Hapo ndipo wengi walipoanguka mwaka 2022.

Tatu, ombi la mwaka lipelekwe mapema, tangu Januari. Mwisho wake ni siku ya 11 kabla ya uchaguzi, na siku hiyo ni ya ombi kupokewa ofisini, si ya kutiwa posta. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Nne, anayemsaidia mwingine kujaza fomu aandike jina lake, anwani yake na saini yake mahali palipotengwa. Msaada wa wazi ni halali. Sheria ya shirikisho ya Haki ya Kupiga Kura inampa kipofu, mlemavu na asiyejua kusoma haki ya kusaidiwa na mtu amtakaye, ila tu asiwe mwajiri wake au mjumbe wa chama chake cha wafanyakazi. Lakini msaada wa kuficha ni kosa. Na asiwepo kiongozi yeyote wa parokia atakayekusanya fomu za watu na kukaa nazo nyumbani kwake, hata kwa nia njema. Tumeona North Carolina nia hiyo inaweza kuzaa nini.

Tano, ombi likikataliwa, mtu asikae kimya. Aipigie simu ofisi ya uchaguzi ya kaunti yake siku hiyo hiyo, aulize sababu na njia ya kusahihisha. Siku za kupiga kura kituoni zikiwa bado zipo, jumuiya imtafutie gari. Tunachanga kwa ajili ya msiba na arusi. Hatuwezi kushindwa kuchanga mafuta ya gari kwa ajili ya kura ya mzee mmoja.

Ndugu waumini, watu hawa wazee walilipa gharama kubwa kuupata uraia. Walisoma maswali ya mtihani usiku baada ya kazi, wakasimama mbele ya ofisa, wakainua mkono wakaapa. Serikali iliwaambia siku ile kwamba sasa wana haki na wajibu sawa na mtu aliyezaliwa hapa. Tunaishika serikali kwa neno lake. Haikuwaambia kwamba watakuwa raia kila mwaka endapo namba zitaonana.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, ni wazee na wagonjwa wangapi walio raia na wanaoweza kuomba kura ya posta? Je, tunawajua kwa majina?

2. Kuna mtu kati yetu ambaye ombi lake au kura yake ilikataliwa? Aliambiwa nini, na nani alimsaidia?

3. Ni nani katika jumuiya atakayejifunza fomu hii vizuri na kuwaeleza wengine kwa Kiswahili, bila kumshawishi mtu juu ya chama wala mgombea?

4. Ni nani atakayemwandikia mbunge wetu, na lini?